Inari na Mokoto: ziwa ni la nani?

Ziwa Inari liko kaskazini kabisa mwa Ufini. Lina kilomita za mraba zaidi ya 1,000 na visiwa zaidi ya 3,000, na barafu hulifunika kuanzia Novemba hadi karibu Juni. Mtu wa Masisi, Kivu Kaskazini nchini Kongo, akifika huko hushangaa baridi. Mimi nilishangaa sheria.

Huko kila mtu, hata mkimbizi aliyefika juzi, ana haki ya kupita msituni, kupiga makasia, kuchuma matunda ya porini, na kuvua kwa ndoano ya kawaida au kwa kutoboa barafu, bila kulipa wala kuomba ruhusa, isipokuwa sehemu chache. Mwambaoni kuna vibanda vya mbao ambavyo Metsähallitus, shirika la misitu la Serikali, huviacha wazi. Unalala bure, unaota moto, na kabla ya kuondoka unampasulia kuni mgeni ajaye, ambaye huenda usimwone kamwe.

Sisi wa Masisi tuna maziwa ya Mokoto, huko Bashali, karibu na Kitshanga. Lava ya kale iliziba mabonde, maji yakatuama kati ya vilima vya malisho. Yakitoka hapo hushuka na mto Osso, huingia Lowa katika misitu ya Walikale, kisha Lualaba. Watawa Watrapisti walianzisha monasteri hapo mwaka 1954. Mei 1996 watu waliokimbilia humo waliuawa. Januari 2023 waasi wa M23 waliiteka Kitshanga.

Kwetu mgeni hupitia kwa wenyeji: anamsalimu mwami, chifu wetu, anapewa mashanza, yaani maziwa ya mgando, kijana anampakia mtumbwini. Kwa hilo tunawashinda Wafini. Inari unaweza kuzunguka siku nzima usisalimiwe na mtu. Lakini ukarimu haumsaidii mvuvi siku mwenye shamba la ng'ombe anapofunga njia kwa seng'enge. Sheria ya ardhi ya Kongo ya 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, na Masisi mashamba makubwa yaliishia mikononi mwa wachache.

Amani ikirudi, wenye hoteli watawahi kufika. Wabunge wa Kivu Kaskazini, njia ya kwenda majini na haki ya kuvua ziandikwe kwa jina la wakazi wa Mokoto kabla ya kibali cha hoteli ya kwanza kutiwa saini. Nanyi ndugu zangu mlio ugenini, tuwaandikie wabunge wetu sasa.