Ukienda Luthuli, beba spika zako

MSOMAJI, kama hujawahi kupita barabara ya Luthuli jijini Nairobi siku ya Jumamosi, bado hujaijua kelele. Barabara yenyewe si ndefu. Inaanzia Tom Mboya na kukomea River Road, na mtu mwenye haraka huimaliza kwa dakika chache tu. Lakini ni nani aliye na haraka Luthuli? Kila mlango una spika iliyosimamishwa nje kama askari wa zamu, na kila spika ina wimbo wake. Huku nyimbo za injili, kule rege, mbele kidogo rumba.

Barabara hii ina jina la Albert Luthuli, kiongozi wa chama cha ANC cha Afrika Kusini na Mwafrika wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, ile ya mwaka 1960. Mwaka 2019 ilifanyiwa ukarabati, njia za waendao kwa miguu zikapanuliwa na miti ikapandwa. Hata hivyo, biashara haikubadilika. Ukitaka redio, televisheni, waya au fundi wa kufufua mtambo uliokwisha kukatiwa tamaa, ni hapa.

Mimi nilifika hapa mara ya kwanza kwa ajili ya baba yangu. Ana spika mbili kubwa za mbao alizonunua miaka ya 1980 alipokuwa kazini. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa akituwekea santuri za Franco na TPOK Jazz, nasi watoto tukijua kwamba hakuna kusema hadi gitaa limalize. Amplifaya yake ilipokufa, spika zile zikageuka meza za kuwekea vitambaa na picha. Nikaapa kwamba nitaziamsha.

Hapo ndipo nilipokosea. Niliingia duka la kwanza lenye taa nyingi. Muuzaji, kijana mchangamfu, akaniita "dada yangu" mara kumi na kunionyesha amplifaya iliyoandikwa wati 3,000 kwenye kasha. Nikatoa shilingi 7,500 na kurudi nyumbani nikiwa nimevimba kichwa. Siku ya tatu, jamaa walipokusanyika, tuliongeza sauti kidogo. Mtambo ukawa moto kama jiko, muziki ukaanza kukwaruza, kisha spika ya kushoto ikapoteza sauti zake nyembamba. Twita ilikuwa imeungua. Baba hakunigombeza. Alisema tu, "Huyo si Franco," akaenda kukaa nje.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nilirudi Luthuli, safari hii nikapanda ngazi za jengo moja hadi kwa fundi mzee anayefanya kazi katika kichumba kilichojaa mitambo iliyofunuliwa matumbo. Kabla ya kunijibu lolote aliniuliza, "Mwanangu, nyuma ya spika za mzee pameandikwaje?" Sikujua. Akanituma nikazilete.

Nilipozileta kwa teksi, alipangusa vumbi na kunisomea: omu 4, desibeli 85. Msomaji, nambari hizo mbili ndizo siri yote, nami nitakueleza kama alivyonieleza.

Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Fikiria mfereji wa maji. Spika ya omu 8 ni mfereji mwembamba. Ya omu 4 ni mfereji mpana zaidi. Amplifaya ndiyo pampu. Ukiongeza upana wa mfereji, pampu hulazimika kusukuma maji mengi zaidi ili nguvu isipungue. Amplifaya inayotoa wati 50 kwa spika ya omu 8 yapasa kukaribia wati 100 kwa spika ya omu 4 ikiwa ina misuli ya kutosha. Iliyo dhaifu hupata moto, hujizima au huungua. Isitoshe, nambari iliyoandikwa ni ya wastani tu. Katika baadhi ya sauti spika huweza kushuka chini yake.

Desibeli nazo hueleza ukubwa wa sauti ambayo spika hutoa ikipewa wati 1, ukiipima kutoka umbali wa mita 1. Kila ukitaka kuongeza desibeli 3, lazima uongeze wati maradufu. Kwa hiyo spika ya desibeli 85 huhitaji wati mara nne ya zile za spika ya desibeli 91 ili zitoe sauti sawa. Spika za baba, kumbe, zilikuwa na njaa ya aina mbili!

Na zile wati 3,000? Fundi aligeuza amplifaya yangu na kunionyesha kibandiko cha nyuma: mtambo mzima ulikuwa ukila wati 60 za umeme. Akacheka. "Anayekula sahani moja atapikaje karamu?" Nambari kubwa za kwenye kasha, hasa zilizo na herufi PMPO, ni za kupendeza macho. Tafuta wati za RMS, na uangalie zimepimwa kwa omu ngapi.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba twita haikuungua kwa sababu ya nguvu nyingi, bali kwa sababu ya unyonge. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake hukata vilele vya sauti, na mkwaruzo huo huipeleka twita nguvu isiyoweza kuihimili. Mtambo imara unaotumiwa kwa kiasi ni salama kuliko mnyonge anayepiga mayowe.

Fundi alitafuta twita ya kufaa, kisha tukazunguka pamoja. Katika duka la tatu tulipata amplifaya ya mtumba kutoka Japani, nzito hata kuibeba ni kazi, iliyoandikwa nyuma kwamba inakubali spika za omu 4. Tuliunganisha spika za baba pale pale, tukacheza santuri yake kwa nusu saa, fundi akiweka kiganja juu ya mtambo kupima joto. Ulikuwa vuguvugu tu. Nikalipa shilingi 18,000.

Kwa hivyo msomaji, ukienda Luthuli usianze kwa kuangalia uso wa amplifaya. Anza na mgongo wa spika zako. Ikiwezekana zibebe, pamoja na muziki unaoujua vyema, kwani kelele za dukani hudanganya masikio. Usiunganishe spika mbili za omu 8 kwenye tundu moja bila kujua kwamba zimekuwa omu 4. Na ukifika nyumbani, uache mtambo upumue. Usiufunike kwa kitambaa.

Jumapili iliyofuata, baba aliketi katika kiti chake cha zamani. Gitaa lilipoingia, mwanangu wa miaka sita alitaka kusema jambo. Baba akainua kidole, naye akanyamaza.