Pengo Langu Lina Deni

Watu wangu, leo nawaambia kitu ambacho mimi sikuambiwa.

Miaka minne iliyopita nilianguka na bodaboda hapa Jego, jino la mbele likavunjika. Nikang'olewa, nikapewa pamba ning'ate, nikarudi nyumbani. Hakuna aliyesema kwamba ukishang'oa jino, mfupa uliokuwa umelishika unaanza kupungua, na mwaka wa kwanza ndio unapungua zaidi.

Mnaniuliza kwa nini kwenye video nacheka nimefunika mdomo. Ndio hivyo.

Mwaka huu nikasema nipandikize jino. Daktari kutazama eksirei: mfupa umekonda, skrubu ya titani haina pa kushika. Lazima kwanza niongezwe mfupa wa kutengenezwa.

Nikaogopa, nikadhani ni wa maiti. Kumbe ni chembechembe za kalsiamu fosfeti, madini yale yale yaliyo kwenye mifupa yetu. Zenyewe ni kama jukwaa la fundi tu: seli zako ndizo zinapanda na kujenga, polepole, kwa miezi. Kuna aina inatengenezwa kwa matumbawe, sababu vitundu vyake vinafanana na vya mfupa. Yaani jiwe lililojenga msikiti wa Kongo pale Diani linaweza kujenga taya!

Kwa hivyo ukienda kung'oa, uliza siku hiyo hiyo: shimo litajazwa? Kujaza mapema kunapunguza mfupa kukonda. Ni pesa, najua. Lakini swali ni bure.

Mimi bado naweka akiba. Video ijayo mtaniona na pengo langu, mdomo wazi.