Barua kwa Mpwa Wangu Anayeandikiwa Programu

Sotik, Bomet

Mpwa wangu mpendwa,

Mvua imeshika, chai inachipua haraka kuliko wachumaji wanavyoifikia, na mama yako hajambo ila analalamika kwamba hupigi simu.

Nimeisoma programu uliyonitumia, ile ya kupima majani mabichi kituoni na kumlipa mkulima kwa M-Pesa. Umesema sehemu kubwa imeandikwa na akili unde. Sikulaumu, hata mimi naitumia, na kazi za kuchosha inazimaliza upesi kuliko mimi. Kilichonisumbua ni jibu lako nilipouliza kwa nini kilo zinakatwa kuwa namba nzima kabla uzito wa gunia haujatolewa. Mama aliyeleta kilo 12.7 anaandikiwa 12, kisha gunia linatolewa humo humo. Ukanijibu, "Mjomba, ndivyo ilivyoandika."

Jibu hilo utampa mkulima yupi siku ya kulipwa bonasi?

Endelea kusoma msimbo wako. Namba ya simu isiyoanza na 07 inakataliwa, ilhali namba za 01 zimejaa mifukoni mwa vijana wanaorithi mashamba huku. Kibaya zaidi ni malipo: mtandao ukikatika na jibu la M-Pesa lisifike, programu inatuma pesa tena. Kukosa jibu hakumaanishi pesa hazikwenda. Kila malipo yape namba yake ya pekee, na kabla ya kurudia uliza kwanza hali ya namba hiyo. Safaricom iliwafungulia waandishi wa programu mlango wa M-Pesa uitwao Daraja mwaka 2017, na yeyote anayeutumia hana budi kulijua hilo.

Mdenishi mmoja, Peter Naur, aliandika mwaka 1985 kwamba programu hasa ni ule uelewa ulio vichwani mwa walioijenga. Maandishi ni sehemu yake tu, na wenye uelewa wakitawanyika, programu imekufa hata kama bado inawaka. Yako imezaliwa bila mtu wa kuielewa. Akili unde haijawahi kusimama kwenye foleni ya mizani, wewe umesimama tangu utotoni. Mbona basi umeiachia yenyewe iamue?

Usidhani nakuza mambo. Kule Uingereza, mfumo wa hesabu wa Posta ulioitwa Horizon ulikuwa ukionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Wasimamizi zaidi ya 900 wa vituo vya posta walipatikana na hatia, wengine wakafungwa, kwa kuwa mahakama ziliamini kompyuta kuliko watu. Mwaka 2024 Bunge la huko lilipitisha sheria ya kufuta nyingi ya hukumu hizo. Sasa mfikirie karani wa kituo chetu, kilo zikipungua kwenye skrini yako: nani ataitwa mwizi?

Uliuliza pia kama zana hizi zitakunyang'anya kazi. Unakumbuka Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilipochomwa moto Kericho. Moto siuungi mkono, ila hasira ile naielewa. Mchumaji hakuulizwa lolote. Wewe kazi yako unaitoa kwa mikono yako mwenyewe kila unapopokea mistari mia usiyoweza kuieleza.

Kwa hiyo hesabu ya uzito na ya malipo iandike upya mwenyewe, polepole. Fomu, rangi na ripoti iachie zana, hayo hayamdhulumu mtu. Namba za 01 zirekebishe leo. Na kabla mkulima yeyote hajapimiwa kwa programu hii, njoo tukae kituoni siku ya kupima. Utamweleza karani, kwa Kikipsigis chako hicho kilichokonda, kilo 12.7 zinapitia wapi hadi ziwe shilingi. Atakuuliza maswali magumu kuliko yangu, maana jina lake ndilo litakalokuwa kwenye risiti.

Mpigie mama yako.

Ni mimi mjomba wako.