Nanga Inaposhushwa Alfajiri

Wakazi wa Luzira, ukingoni mwa jiji la Kampala, wanazijua kelele za meli hata kama hawajapata kupanda meli. Mabehewa ya reli yanapoingizwa katika tumbo la meli pale Port Bell usiku, chuma hugonga chuma, na mlio hupanda kilima mpaka katika nyumba za askari magereza. Mtoto aliyezaliwa hapo haamki. Mgeni huamka na kuuliza kumetokea nini.

Zamani za Reli na Bandari za Afrika Mashariki, Port Bell ilikuwa pia bandari ya abiria. Meli iitwayo Victoria, iliyoundwa Scotland kwa vipande na kuunganishwa upya Kisumu, ilianza kazi mwaka 1961, ikawa inalizunguka ziwa na kulaza watu vyumbani kama hoteli. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, meli hiyo ikaangukia upande wa Tanzania. Siku hizi mtu wa Kampala atakaye kulala melini aghalabu hupanda basi, akapita Masaka na mpaka wa Mutukula hadi Bukoba, na huko akangoja meli ya usiku iendayo Mwanza.

Njia hiyo ndiyo iliyofuatwa na sajini mmoja wa jeshi, pamoja na mkewe na watoto wao wawili, kwenda kumsalimu dada wa mke aliyeolewa Mwanza. Sajini alikuwa likizoni. Alikuwa amerudi kutoka Somalia, nchi ambayo majeshi ya Uganda yaliingia Machi 2007, yakiwa ya kwanza katika ulinzi wa amani wa Umoja wa Afrika. Nyumbani alionekana mzima. Alikula, alicheka, alikagua madaftari ya watoto. Walichelewa kukata tiketi, wakapewa chumba cha mbele kabisa, sitaha ya chini, nao wakashukuru kwa kuwa kilikuwa rahisi.

Hapa yafaa kueleza jambo ambalo wakata tiketi hawalielezi. Nanga haishushwi taratibu kama ndoo kisimani. Mnyororo wake hukaa katika chumba chake omoni, yaani mbele ya meli. Breki ya mtambo wa nanga ikilegezwa, pingili nzito za chuma hukimbia zikipita katika tundu la chuma, pingili baada ya pingili, na ubavu wote wa meli hupokea kishindo kama ngoma. Mabaharia huuhesabu mnyororo kwa vipande vya mita 27 na nusu, nao hutoa urefu ulio mara kadhaa ya kina cha maji, kwa sababu meli hushikwa pia na uzito wa mnyororo uliolala chini, wala si kwa nanga peke yake. Kwa hiyo kelele hizo si za mara moja zikaisha. Huendelea, hukoma ghafla, kisha huanza tena. Kwa sikio la askari, mpangilio huo una jina jingine.

Alfajiri ile, karibu na Mwanza, meli ilisimama nje kungoja nafasi gatini. Mnyororo ulipoachiliwa, sajini alikuwa ameshawavuta watoto kutoka kitandani na kuwalalia sakafuni kabla hajafumbua macho vizuri. Kiwiko chake kilimpasua mkewe mdomo. Binti yao wa miaka mitano alilia, si kwa kelele, bali kwa uzito wa baba yake. Mara injini ikarudishwa nyuma na chumba chote kikatetemeka kama mfuniko wa sufuria inayochemka. Mke naye akaikumbuka meli ya MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikiwa na mamia ya watu, akaanza kutafuta maboya.

Bibi mmoja wa chumba cha jirani aligonga mlango, akaufungua kidogo. "Mwanangu, tumefika. Ni nanga hiyo, wanangoja gati."

"Shikamoo, mama," alisema sajini, angali amelala sakafuni juu ya watoto.

"Marahaba, baba. Inuka taratibu."

Siku mbili za Mwanza sajini hakusema mengi. Mke alimwambia dada yake kwamba alijigonga kitandani. Binti hakukubali kulala karibu na baba yake.

Wakati wa kurudi, mke alikwenda mwenyewe dirishani akaomba chumba cha katikati. Mume alilalamikia bei. "Baba watoto," alijibiwa, "mdomo wangu ni ghali zaidi." Alikuwa na haki. Nyuma ya meli kuna injini na rafadha. Mbele kuna mnyororo. Hata katika meli kubwa za watalii, zilizo na mabwawa ya kuogelea, tajiri aliyelala chini upande wa mbele huamshwa alfajiri. Huko huwa kuna rafadha za ubavuni zinazoisukuma meli kando ikaribie gati, nazo hunguruma chini ya mto wake. Katikati ndiko kwenye utulivu, na tena meli huyumba kidogo zaidi hapo.

Pamba masikioni husaidia, lakini familia nzima isizibe masikio. Mlio wa hatari melini ni mifupi 7 au zaidi, kisha mmoja mrefu, nao hauna budi kusikika. Mke aliwafundisha watoto mlio huo kwa kupiga mluzi, mpaka abiria wengine wakamsihi aache.

Sajini naye alimwendea baharia, akaonyeshwa mtambo wa nanga na breki yake, akaomba aamshwe kabla ya kufika Bukoba. Aliamshwa. Akasimama omoni gizani, mikono juu ya chuma, binti yake akitazama kwa mbali kutoka ubavuni mwa mama. Mnyororo ulipokimbia, mabega yake yaliruka hata hivyo. Kujua hakukumzuia kushtuka. Kulimwezesha kubaki amesimama. Uliponyamaza, binti alikuja akauliza mnyororo una pingili ngapi. Baba hakujua. Wakarudi wote wawili kumwuliza baharia.

Nyumba yao ya Kampala ina geti la bati linalofungwa kwa komeo nzito. Kwa miezi mingi watoto walikuwa wakilibamiza, na baba alikuwa akitoka nje na kukaa peke yake chini ya mwembe; kila mtu alidhani ni joto. Sasa anayelifunga husema kwanza, "Baba, geti!" na kungoja aitikiwe. Majirani walicheka mwanzoni. Kisha katika nyumba mbili za safu hiyo hiyo watoto nao wakaanza kusema "geti" kabla ya kufunga, na hakuna anayewauliza kwa nini.