Meza za Samaki Ukingoni mwa Adriatic

Meza za chakula katika pwani ya Kroatia hutandikwa hatua moja tu kutoka majini, wala haziondolewi jioni. Sisi tuliozaliwa Mombasa, tunaolijua bamvua na ghadhabu zake, siku ya kwanza tulikaa tukingojea maji yajae yatufikie miguuni. Hayakuja. Bahari ya Adriatic hupwa na kujaa kidogo mno, na ndiyo sababu mikahawa ya huko hukaa ukingoni bila hofu.

Tulikuwa katika mji wa Split, sisi na mama watoto. Nyuma yetu palisimama kasri la Diocletian, mfalme wa Kirumi, lililojengwa yapata mwaka 305, na ambalo hadi leo watu wanaishi ndani yake. Mkahawa wa kienyeji huitwa konoba, jina ambalo asili yake ni ghala la chini ya nyumba, la kuwekea mvinyo na mafuta ya zeituni. Jina hilo pekee lilitosha kututahadharisha, lakini njaa haina masikio.

Tuliagiza kome wa buzara, wapikwao kwa kitunguu thomu, mafuta ya zeituni na chenga za mkate. Harufu ilikuwa njema. Tulipokwisha kupiga Bismillahi na kunyoosha mkono, mama watoto akatuzuia: "Maalim, umeuliza mchuzi huu una nini?"

Hatukuwa tumeuliza. Akamwita mhudumu, naye akajibu kwa tabasamu kuwa ni mvinyo mweupe, na kwamba bila huo si buzara. Miaka mingi tumewafundisha akina mama darasani kuuliza kabla ya kula. Siku hiyo aliyeuliza ni mwanafunzi. Sahani ikarudi jikoni, nasi tukailipia.

Kesho yake tulihamia konoba nyingine, tukachagua meza ya pembeni, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) ametukataza kukaa kwenye meza inayozungushwa ulevi. Mhudumu alikuwa kijana Muislamu kutoka nchi jirani ya Bosnia. Alitufahamisha kuwa wali mweusi, upikwao kwa wino wa ngisi, nao mara nyingi hutiwa mvinyo. Akatushauri tule samaki wa kuchomwa makaani pamoja na blitva, mboga ya majani iliyochanganywa na viazi na kitunguu thomu. Ama kome, yeye hawali hata wakichemshwa kwa maji matupu! Wabosnia ni Mahanafi, na kwao kiliwacho cha baharini ni samaki tu. Sisi Mashafii kome na ngisi ni halali yetu. Tulicheka naye sana juu ya hilo.

Samaki huletwa wabichi kwenye sinia, mkachagua, kisha hupimwa kwa kilo. Ulizeni bei kabla sinia halijarudi jikoni. Yuro tulizolipa sisi zingetulisha nyumbani wiki nzima. Lakini yule samaki, aliyepakwa mafuta ya zeituni na chumvi basi, alikuwa mtamu kupita kiasi.

Kabla hatujaondoka, mama watoto alimwomba kijana yule amwandikie kwenye karatasi maneno mawili: bez vina, yaani bila mvinyo. Akaikunja, akaitia mkobani. Siku zote zilizobakia, karatasi ile ndiyo iliyofika mezani kabla yetu.