Presha ya Jicho Haibishi Hodi

Yako maradhi yenye adabu ya kubisha hodi. Malaria humtetemesha mtu hata jirani akajua, na jino likiuma halimpi mwenyewe usingizi. Presha ya jicho, ambayo waganga huiita glakoma, mara nyingi haina adabu hiyo. Huingia kimya, ikakaa miaka, ikapunguza nuru kidogo kidogo kuanzia pembeni, na mwenye jicho akaendelea kusoma gazeti lake pasipo wasiwasi.

Mzee mmoja wa Uganda, aliyestaafu jeshi na cheo cha sajini, alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka tisa. Enzi zake alisifiwa kwa shabaha, na hata baada ya kustaafu aliweza kusoma namba ya gari lililo mbali. Mkewe ndiye aliyeona mambo kwanza. Bwana aligonga bega kwenye mwimo wa mlango. Alipindua kikombe kilichowekwa upande wake wa kushoto. Alimkanyaga mjukuu aliyekaa mkekani. Majirani walinong'ona kwamba ni pombe, hali mzee hanywi. Yeye mwenyewe alisema ni uzee, kisha akasema ni mtoto wa jicho, akakata shauri kungoja hadi aive, kama wasemavyo watu, ndipo aende akatolewe.

Alipopimwa, jicho la kushoto lilikuwa limebakiwa na nuru ya mtu achunguliaye kwa tundu la ufunguo. Hakupata kusikia maumivu hata siku moja. Alimwambia mganga kwamba presha yake ni nzuri, kwani ilipimwa mkononi mwezi uliotangulia.

Hapo ndipo neno moja huwapoteza wengi. Presha inayopimwa mkononi ni nguvu ya damu mishipani. Presha ya jicho ni ya maji safi yatengenezwayo ndani ya jicho lenyewe, nayo si machozi. Maji hayo huilisha lenzi na kioo cha mbele, kisha hutoka kwa njia nyembamba sana iliyo pale duara lenye rangi linapokutana na kioo hicho. Njia ikiwa nzito kupitisha, yaingiayo huzidi yatokayo. Kipimo cha watu wengi huwa kati ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki. Kikizidi, huweza kuibana neva ya jicho, yenye nyuzi zaidi ya milioni 1 zipelekazo habari kwenye ubongo. Uzi uliokufa haufufuki. Mtoto wa jicho hutolewa na mtu akaona tena. Nuru iliyochukuliwa na glakoma hairudi. Tena wako ambao neva zao huharibika ingawa kipimo chao ni cha kawaida. Kwa sababu hiyo mganga hatosheki na namba, bali huitazama neva yenyewe na kupima upana wa kuona.

Mwenye sukari ana sababu mbili za kuogopa. Glakoma ya kimya huonekana zaidi kwa watu wa namna yake. Pili, sukari ikikaa juu muda mrefu, vimishipa vya damu vilivyo nyuma ya jicho huvuja na kuziba. Jicho lenye njaa ya hewa safi huotesha vimishipa vipya, dhaifu, ambavyo huweza kutambaa hadi mbele na kuiziba ile njia ya maji. Presha ya namna hiyo hupanda kwa ghafula, nayo huleta maumivu makali. Basi mwenye sukari yapasa apimwe macho kila mwaka, hata kama anaona vema, kwa kutiwa dawa ya kupanua mboni.

Elimu hii ilipatikana polepole, na Afrika ina sehemu yake. Katika pwani ya Calabar, nchini Nigeria, palikuwa na mbegu iliyotumiwa kuwa sumu ya kiapo. Kutokana na mbegu hiyo ilipatikana dawa ambayo Ludwig Laqueur, mganga wa macho aliyekuwa mwenyewe na glakoma, aliitumia mwaka 1876 kushusha presha ya jicho. Mwaka 1905 Hjalmar Schiøtz wa Norway alionyesha chombo chake cha kuipima. Siku hizi ziko dawa za matone zilizo bora zaidi, kama timololi, ambayo haimfai mwenye pumu, na latanoprosti. Uko pia upasuaji wa kufungua njia mpya ya maji.

Mzee alipewa matone. Baada ya miezi miwili alitaka kuyaacha, akisema yanakula fedha wala hayamwongezei kuona. Mkewe akamwuliza, "Baba watoto, ulipokuwa ukishika lindo usiku kucha na adui asije, je, lindo lile lilikuwa bure?" Mzee akanyamaza, kisha akaomba chupa yake. Tangu hapo bibi huvuta kope ya chini, hudondosha tone moja, naye mzee hufumba jicho na kubonyeza pembe iliyo karibu na pua kwa dakika mbili, ili dawa isipotee mwilini. Kama dawa ni mbili, hungoja dakika tano katikati. Chupa iliyofunguliwa huandikwa tarehe, maana nyingi hazifai kupita wiki nne. Matone ya kuondoa mwasho yanunuliwayo dukani pasipo cheti yameondolewa nyumbani, kwa kuwa mengine yana steroidi, ambazo huweza kupandisha presha ya jicho.

Lilibaki jambo la damu. Glakoma hufuata ukoo, na watu weusi hupatwa zaidi na mapema zaidi. Mdogo wake mzee, askari polisi dereva, alikataa kupimwa kwa hofu ya kunyang'anywa usukani. Kaka yake akamwambia, "Mdogo wangu, usukani utanyang'anywa na giza, nalo halitakupa hata siku moja ya kujitayarisha." Alikwenda. Presha ilikuwa juu, neva ingali nzima. Akaanzishiwa matone, na bado anaendesha.

Kwa hiyo askari aliyetimiza miaka 40, mwenye sukari, na kila mwenye mzazi au ndugu aliyepatwa na glakoma, waende wakapimwe pale penye idara ya macho, kama Mengo mjini Kampala au Ruharo huko Mbarara. Na akina mama wasicheke wamwonapo bwana akigonga mlango ule ule kila siku. Huenda wao ndio wa kwanza kuona kile ambacho yeye hawezi kukiona.