Taa Zinawaka, Gari Haliwaki



Wapendwa waamini, katika parokia za vijijini gari kuukuu ni kama mzee wa ukoo. Limebeba maharusi na majeneza, wanakwaya na magunia ya mahindi ya mavuno. Linapokataa kuwaka, anayekwama si dereva peke yake. Juma hili napenda tulitafakari jambo hilo kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wenu, hasa mnaolima kahawa, mmeanza kununua magari yaliyokwisha kutumika, na likigoma asubuhi hamjui pa kuanzia. Pili, hitilafu iliyo ya kawaida kuliko nyingi inafanana mno na hitilafu inayozitesa jumuiya zetu.

Kanisa limejua kwa uchungu thamani ya chombo cha usafiri. Mwaka 1925 Padre Otto Fuhrmann, mmisionari Mjerumani, alifariki kwa malaria katika nchi ambayo leo ni Namibia, hospitali ikiwa mbali naye. Rafiki yake, Padre Paul Schulte wa Shirika la Waoblati wa Maria Imakulata, ambaye alikuwa rubani, hakutaka kifo kile kipite bure. Mwaka 1927 alianzisha nchini Ujerumani chama kiitwacho MIVA, cha kuwapatia wamisionari magari, boti na ndege. Kila parokia yenye gari, hata likiwa la kutu, inabeba sehemu ya kumbukumbu hiyo: kwamba kati ya mgonjwa na msaada kuna njia, na njia hiyo yapasa mtu aipite.

Huku Mbozi Mission, mwezi wa Julai una baridi kali. Baridi huigandisha oili ya injini iwe nzito na kuipunguzia betri nguvu, hivyo gari lililowaka vizuri mwezi wa Machi huanza kunung'unika. Asubuhi moja ya Julai katekista wa kigango kimojawapo alipiga simu. Mzee mmoja alikuwa mahututi, akiomba mpako wa wagonjwa, naye alihitaji kupelekwa hospitali. Pikipiki ingenifikisha mimi, lakini isingembeba yeye. Dereva wetu alikuwa safarini. Nilizungusha ufunguo, nikasikia mlio mmoja tu: tik. Kisha kimya.

Vijana waliokuwa uani walikuwa na majibu tayari. Mmoja alisema tusukume, mwingine betri imekufa, wa tatu stata imeungua. Nilimpigia fundi mmoja wa Mlowo, naye akaniambia maneno ambayo nimeyahifadhi: "Baba, usibadilishe kitu chochote kabla hujaliuliza gari linaumwa wapi."

Gari huulizwa kwa utaratibu. Likiwa gia huru na breki ya mkono imevutwa, zungusha ufunguo usikilize. Injini ikizunguka kwa nguvu lakini isiwake, tafuta upande wa mafuta. Na kama ni la petroli, tafuta pia upande wa cheche za plagi. Ikizunguka kwa uvivu, au ukisikia tik peke yake, anza upande wa umeme. Injini ya dizeli haina cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na ikizunguka polepole joto hilo halitoshi.

Letu lilisema tik. Fundi akaagiza niwashe taa za mbele. Ziliwaka vizuri kabisa. Vijana wakashangilia: betri ni nzima, basi stata ndiyo mbovu! Fundi akasema bado. Jirani yetu, mzee wa Kimoravian, maana ndugu zetu Wamoravian ndio waliofungua misheni hapa mwishoni mwa karne ya 19, alituletea kipimo cha umeme na spana. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma karibu 12.6, ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Yetu ilisoma 12.5. Kisha fundi akaniambia niweke ncha moja ya kipimo juu ya kichwa chenyewe cha betri, na ncha nyingine juu ya kibano cha waya kinachokikumbatia, kijana mmoja azungushe ufunguo. Vitu hivyo viwili vimegusana. Kati yao yapasa pasomeke karibu na sifuri. Palisomeka volti zaidi ya tatu. Umeme ulikuwa ukipotelea pale pale, mahali ambapo jicho liliona vitu vimeungana.

Tulifungua kibano cha hasi kwanza, kisha cha chanya, kama inavyopasa ili spana isilete cheche karibu na betri. Ndani tulikuta unga mweupe wenye ukijani, mwembamba kama vumbi la chaki. Tuliuosha kwa maji ya moto yaliyotiwa soda ya kuokea, tukasugua kwa msasa mpaka risasi ikang'aa, tukafunga chanya kwanza na hasi mwisho, tukakaza na kupaka grisi. Gari likawaka. Hatukununua hata skrubu moja.

Nilimwuliza fundi kwa nini taa zilitudanganya. Akajibu kwamba taa mbili za mbele zinahitaji ampea kumi hivi, nazo zinaweza kupenya hata penye uchafu. Stata inahitaji zaidi ya mia. Kiungo kichafu hubeba mzigo mdogo bila kulalamika. Mzigo mzito ukija, ndipo hushindwa.

Tulifika kigangoni saa tano. Yanayofuata nayasimulia kwa ruhusa ya familia. Mzee alikuwa hai na mwenye akili timamu, akapokea sakramenti. Nilipotoka nje niliona pikapu ya mwanawe mkubwa imeegeshwa upande wa pili wa shamba la kahawa. Ilikuwa nzima, na ilikuwa na mafuta. Hakuna aliyekwenda kuiomba. Ndugu wale wawili walikuwa hawajasemezana tangu mavuno ya mwaka uliotangulia kwa sababu ya mpaka wa miche michache. Mmoja anaimba kwaya, mwingine ni mweka hazina wa jumuiya. Kila Dominika taa zao ziliwaka vizuri kabisa. Ulipokuja mzigo mzito, yaani baba yao, nguvu haikupita.

Mkubwa alikuja alipoona tunambeba mzee. Alishika miguu, mdogo akashika mabega. Hawakusema neno. Mzee alilazwa siku tisa, akarudi nyumbani. Mpaka ule ulipimwa upya miezi miwili baadaye, mbele ya wazee na mwenyekiti wa kitongoji, na mkubwa akapoteza miche sita. Alisema waziwazi kwamba iliuma. Msasa huuma.

Wapendwa, jumuiya ikizorota sisi hupenda kubadilisha vipuri. Tunamwondoa mwenyekiti, tunamlaumu katekista, tunaomba padre mwingine. Pengine kipuri ni kibovu kweli, lakini tuulize kwanza. Mara nyingi betri imejaa: neema ya ubatizo wetu haijaisha. Stata ni nzima: mikono na vipaji tunavyo. Uchafu umo kati ya mtu na mtu, ni mwembamba, na umefunikwa na kibano hata hauonekani. Ndiyo maana Bwana, katika hotuba ya mlimani, anamwagiza aliyekwisha kufika altareni aiache sadaka yake pale, aende kwanza apatane na ndugu yake. Sadaka haina kasoro. Kasoro ipo kwenye kiungo.

Juma hili nawaomba mambo mawili. Mwenye gari afungue vibano vya betri yake na kuvisafisha kabla baridi haijazidi. Na kila mmoja wetu amtaje moyoni mtu mmoja anayemsalimu vizuri kila Dominika, lakini ambaye usiku wa manane, mgonjwa akiwa ndani, asingethubutu kumgongea mlango. Aende kwake kabla ya Dominika ijayo, mchana, bila kusubiri mgonjwa.

Mungu awabariki. Tafakari njema.